Kuchagua mbinu za kampeni ya kulinda eneo la kale, hatua kwa hatua

Kampeni nyingi za kulinda magofu, makaburi ya kale au michoro ya miambani huharibikia kwenye kikao cha kwanza. Mmoja anasema tuandamane, mwingine anasema twende mahakamani, wa tatu ameshafungua ukurasa wa kukusanya saini kabla kikao hakijaisha. Kila mtu anataja mbinu anayoijua au anayoipenda. Hakuna aliyeuliza uamuzi unaopingwa unafanywa na nani, katika ofisi gani, na siku gani. Mwongozo huu unaanzia hapo, kwa sababu mbinu ya maana ni ile inayomfikia mwenye uamuzi kabla hajatia saini. Nyingine zote, hata zikipigiwa makofi, ni mapambo.

Hatua ya 1: Liandikeni tishio kwa sentensi moja

"Urithi wetu uko hatarini" si sentensi ya kufanyia kazi. Inayofaa ina mhusika, tendo, mahali na tarehe: "Wakala wa barabara unataka kupitisha barabara ya njia nne juu ya makaburi ya upande wa mashariki, na kibali cha mazingira kinatarajiwa kabla ya mwisho wa Septemba." Mkishindwa kujaza sehemu mojawapo, basi kuitafuta ndiyo kazi ya wiki ya kwanza. Msichape bango lolote kabla ya hapo.

Aina ya tishio peke yake itawapunguzia nusu ya mbinu. Mradi wa ujenzi una mwenyewe, mfadhili na mtoa kibali, na hao wanaweza kushawishiwa, kushtakiwa au kuaibishwa. Uchakavu hauna mshtakiwa. Ukuta unaoliwa na chumvi au kupasuliwa na mizizi hauponi kwa maandamano. Unataka fundi anayejua chokaa, fungu la fedha la kila mwaka, na mtu wa kuukagua kila mvua zikiisha. Kampeni yake ni ya kutafuta fedha na mlezi, na kusema kweli inachosha kuliko kupambana na tingatinga, maana haina siku ya ushindi.

Wizi wa malikale ni jambo jingine kabisa. Hapo kelele ni hatari: picha nzuri ya kaburi ambalo halijachimbwa, na jina la kijiji limeandikwa chini yake, ni ramani ya bure kwa wezi. Vita navyo hudai siri kuliko yote. Mwaka 2012, makundi yenye silaha yalipouteka mji wa Timbuktu nchini Mali na kubomoa makaburi ya mawalii, familia zilizotunza miswada ya kale na wakutubi wao waliisafirisha kimyakimya kwenda Bamako ikiwa imefungiwa kwenye masanduku, kwa magari na kwa mashua. Tangazo moja lingetosha kuiangamiza. Sheria ilikuja baadaye: mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad Al Faqi Al Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa kushambulia majengo ya kidini na ya kihistoria ya mji huo. Wakati mashambulizi yanaendelea, kitisho cha mahakama hakikuokoa hata ukurasa mmoja. Kilichookoa ni watu waliojua kunyamaza.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu miradi ya ujenzi, mabwawa, migodi na barabara, kwa kuwa huko ndiko uchaguzi wa mbinu unakokuwa mpana na ndiko makosa yanakozidi.

Hatua ya 2: Mtafuteni mwenye kalamu, na siku ya kalamu

Chukueni karatasi mchore safu ya maamuzi yote ambayo mradi lazima uyapitie: ardhi, mazingira, idara ya mambo ya kale, mkopo, zabuni, kuanza kazi. Kwa kila uamuzi andikeni mambo manne. Nani anatia saini, yaani cheo chake, si "serikali". Ni sheria ipi inampa madaraka hayo. Siku ya mwisho ya kupokea maoni au pingamizi ni ipi. Na ni nini kinachomtia wasiwasi: bajeti, uchaguzi, wakubwa wake, wenye hisa, au jina lake kuandikwa vibaya?

Safu hii ndiyo moyo wa kampeni, kwa hiyo isichukuliwe kama kazi ya karani. Tazameni yaliyotokea Juukan, katika eneo la Pilbara huko Australia Magharibi. Mapango yale yalikuwa na ushahidi wa watu kuishi humo tangu kiasi cha miaka 46,000 iliyopita. Kampuni ya uchimbaji madini ya Rio Tinto ilipata idhini ya waziri mwaka 2013, chini ya sheria ya jimbo ya urithi wa Waaborijini ya mwaka 1972. Mwaka uliofuata uchimbaji wa akiolojia ulionyesha kwamba eneo lina thamani kubwa kuliko ilivyodhaniwa, lakini sheria ile haikuwa na mlango wa kuirudia idhini iliyokwisha kutolewa kwa sababu ya ushahidi mpya. Mei 2020 mapango yakalipuliwa. Wenyeji, watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, walikuwa wamesema. Walichokosa ni uamuzi uliobaki wazi. Hasira ya dunia na ya wenye hisa ilikuja baada ya mlipuko, ikamwondoa mkurugenzi mkuu na wasaidizi wake wawili, ila mapango hayakurudi. Ingawa ni vigumu kulisema jambo hili mbele ya watu waliopoteza mahali pao, shinikizo la wenye hisa lilionekana kuwa na nguvu kweli kweli. Lilikuja tu upande usiofaa wa tarehe.

Kwa hiyo mkishachora safu, wekeni alama kwenye maamuzi yaliyokwisha kupita. Hayo msiyapotezee muda, isipokuwa kama sheria inaruhusu rufaa. Kisha zungushieni duara uamuzi wa karibu zaidi ambao bado uko wazi. Huo ndio mlengo wenu wa kwanza, hata kama si ule unaowauma zaidi.

Muda wa rufaa huwa mfupi kuliko watu wanavyofikiri. Nchini Uingereza, kupinga mahakamani kibali cha ujenzi kwa kawaida kunataka kufanyike ndani ya wiki 6. Ulizeni mwanasheria swali hili moja kabla ya mengine yote: saa yetu ilianza kuhesabiwa lini?

Hatua ya 3: Jengeni jalada kabla ya kelele

Hapa wengi hupita mbio, nami nitakaa kidogo, kwa sababu jalada bovu huangusha kila mbinu inayolitegemea: barua, kesi, habari gazetini, hata mazungumzo ya faragha.

Anzeni na picha. Picha ya jioni yenye jua zuri nyuma ya mnara ni ya bango. Picha ya ushahidi inapigwa mchana, ukuta ukitazamwa moja kwa moja, na fimbo ya kipimo au hata rula imesimamishwa kando yake ili ukubwa wa ufa uonekane. Chagueni vituo vichache vya kusimama, viandikeni ("hatua tano kutoka kona ya kaskazini ya kisima, kamera ikitazama mlango"), na mrudi kupiga picha kutoka vituo vilevile kila mwezi. Mfululizo wa picha kumi na mbili za ufa mmoja una nguvu kuliko picha mia za vitu tofauti. Hifadhini faili asilia bila kuzipunguza wala kuzirembesha, kwa kuwa tarehe na mahali hukaa ndani ya faili hiyo, na programu nyingi za kutumiana ujumbe huyafuta maelezo hayo. Nakala moja ikae nje ya mji.

Kisha andikeni maelezo ya thamani ya eneo, yasizidi kurasa mbili. Angalieni tofauti hii. "Magofu haya ni hazina kubwa ya mababu zetu na fahari ya taifa" haimzuii mtu yeyote kufanya chochote. "Ukuta wa kusini ndio sehemu pekee iliyobaki ya jengo la awali, mpango wa barabara, mchoro namba 4, unapitisha mtaro mita 6 kutoka msingi wake, ripoti ya tathmini ya mazingira haiutaji ukuta huu mahali popote" inamlazimisha afisa ajibu. Sentensi ya pili ina kitu, kipimo na upungufu wa waraka rasmi. Tafuteni upungufu wa namna hiyo kwenye ripoti ya tathmini, kwani mara nyingi upo, hasa pale mshauri alipokaa ofisini na kunakili ripoti ya mradi mwingine.

Pateni mtaalamu mmoja wa akiolojia au uhifadhi aliye tayari kutia saini jina lake. Mmoja anayesimama hadharani anafaa kuliko kumi wanaowaunga mkono kwa simu. Rekodini pia wazee na watumiaji wa mahali hapo wakiwa wameridhia, na muwaulize ni yapi yasichapishwe. Sehemu za matambiko zina mambo yasiyofaa kuwa ya kila mtu, na kampeni inayoyaanika imeshaliharibu eneo kabla ya mkandarasi.

Hatua ya 4: Wanaoishi hapo wanataka nini?

Swali hili likirukwa, mwenye mradi atalijibu kwa niaba yenu: "Watu wa mjini wanapenda mawe, wenyeji wanataka ajira." Na pengine atakuwa amesema kweli.

Mfano unaosifiwa kuliko yote katika uhifadhi ni ule wa Abu Simbel. Bwawa la Aswan lilipotishia kuyazamisha mahekalu ya Misri na Sudan, UNESCO ilitoa wito kwa dunia mwaka 1960. Kati ya 1964 na 1968 mahekalu ya Abu Simbel yakakatwa vipande na kujengwa upya kiasi cha mita 65 juu zaidi. Kazi ya ajabu, na ilichangia kuzaliwa kwa Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972. Makumi ya maelfu ya Wanubi waliohamishwa kutoka bonde hilohilo hawakupata wito wa namna hiyo. Mimi siwezi kuusifia mfano huo bila kuitaja nusu yake ya pili.

Kwa vitendo, fanyeni vikao na wenyeji kabla ya kutangaza madai, na muyaache madai yabadilike. Wakiihitaji barabara, msipinge barabara. Pingeni njia inayopita. Wakitaka ajira, semeni ajira zipi zinatoka wapi, msitupe ahadi za utalii mtakazozionea haya baadaye. Na wakiwa wamegawanyika, sema hivyo hadharani kuliko kujifanya msemaji wa wote.

Wenyeji wanaweza pia kuwa na mbinu ambayo nyinyi hamna. Huko Roșia Montană, Romania, palipo na machimbo ya dhahabu ya enzi za Warumi, kampuni ilitaka kufungua mgodi mkubwa wa wazi. Kijiji kiligawanyika, wengi wakauza nyumba zao. Baadhi ya wakulima na wenye nyumba walikataa kuuza, wakaunda chama chao mwaka 2000, na kwa miaka zaidi ya kumi ardhi yao na kesi zao dhidi ya vibali vikauzuia mradi. Umati wa watu uliojaa mitaa ya Bucharest mwaka 2013 ulikuja juu ya msingi huo. Bunge likaukataa muswada uliokuwa uufungulie mgodi njia, na mwaka 2021 eneo likaingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Picha zinazokumbukwa ni za umati. Aliyeushikilia mradi kwa muda wote huo ni mtu aliyekataa kuuza shamba.

Hatua ya 5: Pimeni mbinu moja moja

Kwa kila mbinu ulizeni: inamgusa mwenye kalamu tuliyemtaja? Inafika kabla ya tarehe? Tunaimudu kwa fedha na watu? Ikishindwa, inatufungia mlango gani? Mbinu inayofeli swali la kwanza iwekeni kando hata kama ni rahisi.

Mazungumzo ya faragha. Hii ndiyo mbinu ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa. Mhandisi anaweza kuisogeza barabara mita 200 kwenye mchoro wa awali bila mtu kuaibika. Baada ya waziri kuweka jiwe la msingi, kusogeza huko kunakuwa kushindwa kwake. Nendeni mapema, nendeni na jalada, na muombe kitu kimoja mahususi. Baada ya kikao andikeni barua ya kushukuru inayorudia kile kilichokubaliwa. Barua hiyo ni adabu, na siku moja itakuwa ushahidi.

Pingamizi rasmi na maoni ya umma. Lazima lifanyike, hata kama mnaamini halitasikilizwa, kwa kuwa katika nchi nyingi asiyetoa maoni kwa wakati hupunguza haki yake ya kudai baadaye. Hapa barua mia za kunakili hazina uzito wa barua sita zenye hoja sita tofauti.

Mahakama. Inafaa pale ambapo kuna utaratibu uliokiukwa. Majaji kwa kawaida hawapimi uzuri wa magofu. Wanapima kama sheria ilifuatwa. Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira nchini Kenya iliifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, ambako mji wake wa kale uko kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Kilichobeba uamuzi ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari. Wanakampeni walikuwa na sababu nyingi za moyoni. Kesi ilishinda kwa hoja ya utaratibu. Basi mkienda kwa wakili, wekeni mezani tarehe za vikao, matangazo yaliyotolewa au yasiyotolewa, na lugha iliyotumika kwenye ripoti.

Jueni pia kwamba ushindi wa mahakamani mara nyingi ni ushindi wa muda. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Uingereza ilitengua kibali cha handaki la barabara karibu na Stonehenge, duara la mawe makubwa ya kale, kwa sababu, pamoja na mengine, waziri hakuzizingatia ipasavyo njia mbadala zenye madhara madogo. Mwaka 2023 serikali ikatoa kibali upya. Kilichousimamisha mradi hatimaye, Julai 2024, ni serikali mpya iliyosema hakuna fedha. Je, kesi ilikuwa bure? Hapana. Ilinunua miaka, na ndani ya miaka hiyo gharama ikapanda na siasa ikabadilika. Ila mwenye kufungua kesi bila mpango wa kuutumia muda atakaoupata ni kama anayekodi mashua na kusahau kuleta makasia. Tena ulizeni mapema nani atalipa gharama za upande wa pili mkishindwa; vikundi vidogo vimefilisika kwa kutouliza.

Zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha kazi wakati kesi inasubiriwa, nalo ni jambo la pekee: huombwa haraka, na hakimu hutaka kuona kwamba madhara hayawezi kurekebishwa. Hapo ule mfululizo wa picha na saini ya mtaalamu ndivyo vinavyoongea.

Kuorodheshwa. Watu huiona Orodha ya Urithi wa Dunia kama kufuli. Si kufuli. Kwanza, ni serikali ya nchi pekee inayoweza kupeleka pendekezo, na huchukua miaka. Pili, hata eneo lililoorodheshwa linaweza kuharibiwa. Bonde la Elbe huko Dresden, Ujerumani, liliingia mwaka 2004. Mwaka uliofuata wapiga kura wa mji waliunga mkono ujenzi wa daraja. Mwaka 2009 bonde likafutwa kwenye orodha, na daraja likajengwa. Funzo jingine limejificha humo: msiombe kura ya maoni kama hamna uhakika wa wapiga kura, kwani mkishindwa, mradi unapata baraka ambayo haukuwa nayo.

Kama eneo limeshaorodheshwa, hata hivyo, mna chombo kizuri kinachosahaulika. Mtu au kikundi chochote kinaweza kukiandikia Kituo cha Urithi wa Dunia, Paris, kikieleza tishio na kuambatisha ushahidi, nacho huiuliza serikali husika. Serikali nyingi hazipendi barua hiyo. Kwa maeneo yasiyoorodheshwa, anzeni na orodha ya taifa au ya wilaya, ambayo mara nyingi ndiyo yenye meno ya kisheria, na mtazame pia orodha ya maeneo yaliyo hatarini ya World Monuments Fund, ambayo hata kikundi kidogo kinaweza kuipelekea pendekezo.

Fedha. Hii ndiyo mbinu ninayoipendelea kwa miradi mikubwa, pale mkopo unapotoka nje. Benki ya Dunia na tawi lake la kukopesha sekta binafsi, IFC, zote zina kiwango cha kulinda urithi wa utamaduni, na kwa bahati njema vyote viwili vina namba 8, kwa hiyo ni rahisi kukumbuka. Kila moja ina chombo cha kupokea malalamiko ya watu walioathirika. Barua kwa mfadhili isijae laana. Itaje kifungu, ioneshe kilichokiukwa, iambatishe jalada, na iulize swali linalohitaji jibu la maandishi.

Mipaka yake inaonekana Hasankeyf, mji wa kale ukingoni mwa mto Tigris nchini Uturuki. Kampeni ndefu dhidi ya bwawa la Ilısu iliwafanya wadhamini wa Ujerumani, Austria na Uswisi wajiondoe mwaka 2009. Ulikuwa ushindi mkubwa. Serikali ya Uturuki ikatafuta fedha ndani ya nchi, na kufikia 2020 mji wa kale ulikuwa chini ya maji. Kabla ya kuelekeza nguvu zote kwa mfadhili, jiulizeni kama mwenye mradi anaweza kujilipia mwenyewe. Kama anaweza, shinikizo la fedha litamchelewesha tu, na lazima mbinu nyingine iwe tayari kuingia.

Umati na maandamano. Umati unafanya kazi pale mwenye kalamu anapohitaji kura au anapoogopa kuonekana yuko peke yake. Mwaka 1978 watu wapatao 20,000 waliandamana Dublin kuokoa mabaki ya mji wa Waviking huko Wood Quay, na mwaka uliofuata wengine wakalikalia eneo lenyewe. Halmashauri ya jiji ilijenga ofisi zake palepale. Wanaakiolojia walipata muda wa kuchimba zaidi, jambo ambalo si dogo, lakini eneo lilipotea.

Linganisheni na bonde la Côa, Ureno. Habari za michoro ya miambani ya zama za mawe, iliyokuwa izamishwe na bwawa, zilifika kwa umma mwishoni mwa 1994. Wanafunzi wa eneo hilo walishika kauli mbiu kwamba michoro haijui kuogelea, maneno yaliyochezea wimbo uliokuwa ukivuma wakati ule. Wataalamu wa kimataifa wakabishana hadharani kuhusu umri wa michoro. Oktoba 1995 ukafanyika uchaguzi mkuu, na serikali mpya ikasimamisha bwawa. Mwaka 1998 bonde likaorodheshwa na UNESCO. Kauli mbiu ilikuwa tamu, ndiyo, lakini kilichoipa nguvu ni kalenda: kulikuwa na uchaguzi ndani ya mwaka mmoja na chama kilichokuwa tayari kulibeba jambo hilo.

Kukusanya saini mtandaoni. Kunafaa kwa kupata anwani za waungaji mkono. Zaidi ya hapo msitarajie mengi.

Mpango mbadala. Huu si mbinu ya peke yake, bali unazipa nguvu zote zilizotangulia. Afisa akiulizwa "kwa nini usisimamishe mradi?" ana majibu kumi. Akiulizwa "kwa nini mchoro huu wa njia ya kaskazini, uliochorwa na mhandisi mwenye sifa, haukuchunguzwa?" hana jibu jepesi. Tumieni fedha hapa kabla ya kuzitumia kwenye fulana.

Hatua ya 6: Chagueni tatu, mzipange kwa zamu

Kikundi cha watu wachache kinamudu vizuri mbinu mbili au tatu. Pangeni kutoka laini kwenda ngumu, kwa sababu kurudi nyuma ni kazi: ukishamwita mtu mwizi redioni, hatakupokea ofisini. Mpangilio unaofaa mara nyingi ni jalada na mazungumzo kwanza, kisha pingamizi rasmi pamoja na mpango mbadala, kisha mahakama au mfadhili, na vyombo vya habari vikiingia siku ambayo uamuzi unakaribia, si miezi minane kabla.

Ruhusa ya kuuruka mpangilio huu inatoka kwa tarehe tu. Tingatinga likiwa getini, ombeni zuio asubuhi ileile, mazungumzo yafuate.

Gawaneni sura pia. Anayekaa mezani na wizara asiwe ndiye anayeongoza maandamano. Hata hivyo wawili hao wazungumze kila siku. Mwenye mradi hupenda sana kumnunua mmoja kwa ahadi ndogo na kumtangaza kuwa ndiye msemaji halali.

Hatua ya 7: Kagueni madhara ya mbinu zenyewe

Watu elfu mbili wakishikana mikono kuzunguka magofu watapata picha nzuri na watakanyaga misingi iliyo sentimita chache chini ya nyasi. Wawekeni nje ya mpaka. Mishumaa, rangi na mabango ya kupigiliwa misumari visikaribie kuta. Droni isirushwe bila kibali, wala viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani, vya maeneo ambayo hayajachimbwa visichapishwe. Toeni ramani yenye duara pana.

Kwa upande wa watu: kila tuhuma ya rushwa ipitiwe na mwanasheria kabla ya kutoka, na iwe na waraka nyuma yake. Pale wanakampeni wanapotishwa, anayetajwa jina awe ameridhia, na mbinu zenye sura ya mbali, kama barua kwa mfadhili au malalamiko ya kimataifa, zitangulizwe.

Hatua ya 8: Wekeni siku ya mapitio, na siku ya baada ya ushindi

Kila wiki sita, rudini kwenye safu ya maamuzi. Uamuzi upi umepita? Mbinu ipi imejibiwa kwa maandishi? Ile ambayo haijamgusa mwenye kalamu katika vipindi viwili iacheni, hata kama imependwa sana mitandaoni. Amueni pia mapema kiwango cha chini mtakachokikubali: njia kusogezwa, uchimbaji wa uokoaji (wanaakiolojia kuchimba na kutoa vilivyomo kabla ya ujenzi), au hakuna ujenzi kabisa. Kikundi kisichoamua hili hugawanyika siku ofa ya kwanza ikiletwa mezani. Uchimbaji wa uokoaji, kwa maoni yangu, uwe wa mwisho kukubaliwa, na ukikubaliwa uandikwe pamoja na bajeti ya kuhifadhi vitu vitakavyotoka na jumba la makumbusho litakalovipokea.

Mkishinda, ombeni mara moja vitu vitatu kwa maandishi: mpaka rasmi wa eneo uliochorwa kwenye ramani ya mipango miji, afisa anayewajibika kwa cheo, na fungu la matengenezo. Mradi uliokataliwa hurudi na jina jipya baada ya waziri kubadilika, kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi ya kusoma matangazo ya zabuni na gazeti rasmi la serikali kila wiki, na jalada likabidhiwe kwa watu wawili walio chini ya miaka 30.